MWALIMU ANAYEHESABU MIPIRA

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni hesabu hii: 85. Iache hapo, tutairudia.

Somo la leo latupeleka Marekani, kwenye mchezo uitwao besiboli. Mrushaji huurusha kwa nguvu mpira mdogo, mgumu. Mtu wa upande wa pili, mwenye gongo, hujaribu kuupiga. Nyuma yake huchutama mdakaji. Mkono wa mrushaji ndio habari yetu.

Watoto wengi wa huko hucheza katika chama kiitwacho Little League, kilichoanzishwa mwaka 1939 katika mji wa Williamsport. Lakini zipo pia timu za safari. Hizi huchagua watoto hodari kutoka mitaa mbalimbali. Wazazi hutoa ada, na mwisho wa juma timu husafiri kwenda kushindana mji mwingine. Basi nani asiyetaka kushinda, baada ya kutoa fedha na kusafiri njia yote hiyo? Hapo ndipo mwalimu wa timu hujulikana ni mtu wa namna gani.

Mtoto wa miaka 12 bado anakua. Katika kiwiko chake, pale mfupa unapoongezeka, pana gegedu, kitu laini kuliko mfupa wenyewe. Akirusha mno bila kupumzika, huumia pale. Kwa wakubwa, hukatika ukano unaoshika mifupa ya kiwiko. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimpasua mrushaji Tommy John, akachukua ukano wa mkono mmoja akautia katika kiwiko cha mkono wa pili. Tommy John alirudi mchezoni mwaka 1976. Wako watu wanaodhani kwamba kupasuliwa hivyo huongeza nguvu za mkono. Si kweli, ni kutengeneza kilichoharibika tu.

Kwa ajili hiyo, mwaka 2007 Little League iliweka kanuni: mtoto wa miaka 11 au 12 asirushe mipira zaidi ya 85 kwa siku. Ndiyo ile hesabu ya ubaoni.

Lakini mtoto aweza kurusha Jumamosi katika timu hii na Jumapili katika timu ile, kwa walimu wawili wasiojuana. Nani atajumlisha? Mwalimu mwema ana daftari. Humwuliza mtoto, na mama yake pia: “Juzi ulirusha wapi? Mipira mingapi?” Kiwiko kikiuma hamwambii mtoto ajikaze, humtoa, hata kama ni mchezo wa mwisho na kikombe kiko pale mezani. Humwendea mwenyewe, akamweleza kwa upole kwamba hesabu imetimia, ili asitoke kwa aibu mbele ya wazazi. Wala hamfanyi mrushaji aliyechoka kuwa mdakaji, akidai anampumzisha. Hila hiyo siipendi kabisa: mdakaji naye hurusha, maana kila mpira anaoudaka humrudishia mrushaji.

Sasa chukueni madaftari. Mtoto wa miaka 12 amerusha mipira 52 siku ya Jumamosi. Kwa kanuni za chama hicho, aliyerusha mipira 51 hadi 65 hupumzika siku 3 kamili. Je, aweza kurusha tena siku gani? Andikeni jina la siku hiyo.