NUKTA TATU KATIKA MSAHAFU: USIMAME WAPI?



Ndugu wanafunzi na wazazi, fungueni Suratul Baqara, aya ya 2. Mtaona nukta tatu zimepangwa kama mafiga juu ya mstari, na mbele kidogo nukta tatu nyingine.

Shuleni tunafundishwa kuwa nukta tatu (...) ni alama ya dukuduku, yaani kuna maneno yameachwa. Katika Msahafu sivyo. Hakuna hata herufi moja iliyoachwa. Hii ni alama ya wakfu, yaani ya kusimama, nayo huitwa mu'aanaqa, maana yake kukumbatiana. Huja mbili mbili. Ukisimama penye ya kwanza, usisimame penye ya pili. Ukipita ya kwanza, waweza kusimama penye ya pili. Usisimame kote kuwili.

Kwa nini? Chukua mfano wa hapa kwetu Ruanda: Baba ameingia shambani mama anachuma kahawa. Ukisimama baada ya "shambani", baba ndiye ameingia shambani. Ukisimama baada ya "ameingia", aliye shambani ni mama. Ukisimama kote kuwili, neno "shambani" linabaki yatima.

Ndivyo lilivyo neno "fiihi" (ndani yake) katika aya ile. Likiungana na yaliyotangulia, tunafahamu kuwa hakuna shaka ndani ya Kitabu hiki, nacho ni uongofu kwa wacha Mungu. Likiungana na yanayofuata, tunafahamu kuwa Kitabu hakina shaka, na ndani yake mna uongofu. Maana zote mbili ni sahihi. Ukilikata pande zote, umeivunja aya.

Tazameni pia Suratul Maida, aya ya 26. Miaka 40 ni ya kuharamishiwa ile ardhi, au ni ya kutangatanga? Nukta zimewekwa pande zote mbili za miaka hiyo.

Alama za wakfu hazikuwemo katika misahafu ya mwanzo. Wanachuoni waliziweka baadaye ili kumsaidia msomaji, akiwemo Imam Sajawandi aliyefariki mwaka 560 Hijria. Sisi ambao Kiarabu si lugha yetu tunazihitaji zaidi.

Basi mzazi, mtoto anaposoma jioni, usisikilize sauti nzuri tu. Sikiliza pia anaposimama.

Allah atujaalie kukisoma Kitabu chake kwa ufahamu. Amin.

Wabillahi tawfiq.