Utelezi wa Kagera na wanaoishi nao kibiashara

Bukoba, mkoani Kagera, hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya Dodoma. Mkulima wa migomba anaishukuru. Mwenye tipa naye anaishukuru, kwa sababu yake: masika na vuli zikishapita juu ya barabara za udongo za wilaya za Muleba na Bukoba Vijijini, vilima haviparamiki, bodaboda zinalala mitaroni, na simu za kuulizia moramu, udongo wa changarawe wa kumwaga barabarani, zinaanza kuita.

Biashara ya kumwaga kitu chenye kukwaruza juu ya njia inayoteleza ni kongwe na ipo kila mahali. Kwa nchi za baridi adui ni barafu. Ndugu zetu waliohamia Minneapolis, Marekani, wanajua kwamba theluji ikikatika, mwenye nyumba ana saa 24 kusafisha njia ya waenda kwa miguu iliyo mbele yake, na manispaa humpa mchanga bure akautie mwenyewe. Mchanga hauyeyushi barafu. Hiyo ni kazi ya chumvi. Mchanga wenyewe unaipa soli ya kiatu mahali pa kushika, basi. Ndiyo maana baridi ikizidi hata chumvi ikashindwa, mchanga bado unafaa.

Kwetu adui ni udongo wa mfinyanzi uliolowa, na hakuna anayegawa bure. Mnyororo unaanzia machimboni, kwa mwenye shamba lenye kilima cha moramu. Vijana wa koleo wanapakia, dereva anapeleka, na mnunuzi analipa kwa tripu. Ukiuchambua mfuko wa mnunuzi utakuta udongo wenyewe umechukua sehemu ndogo tu. Kinachokula fedha ni dizeli na kilometa, pamoja na siku ambayo tipa lenyewe limekwama kwenye utelezi lililokuja kuutibu. Juu ya hayo, sheria inahesabu mchanga, mawe, kokoto na moramu kuwa madini ujenzi, kwa hiyo kuna leseni na kuna tozo. Mchimbaji wa kuvizia anayekwepa vyote viwili ndiye anayeuza rahisi, na mwenye leseni anabaki akilalamika.

Mnunuzi mkubwa ni serikali. Tangu Julai 2017 barabara za wilaya zimekuwa chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, na mwaka 2021 Bunge lilipitisha nyongeza ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo. Kwa hiyo kila anayepanda bodaboda Muleba ameshachangia moramu kabla hajaiona. Wanunuzi wadogo ni wengi pia: shule, parokia, vyama vya msingi vya kahawa, na mwenye nyumba anayetaka gari lake lifike uani bila kusukumwa.

Hapa ujuzi ndio unaotenga biashara na ulaji. Si kila chekundu ni moramu. Moramu nzuri ina vijiwe vyenye kingo, mchanga, na udongo kidogo wa kushikanisha. Ikimwagiwa maji na kushindiliwa inakaza. Udongo ukizidi, umenunua sabuni. Mchanga mtupu wa ziwani nao una kasoro yake: mawimbi yameziviringa chembe zake zikawa laini, hazishikani, na mvua moja ya nguvu mlimani inauteremsha wote bondeni. Mkandarasi anayemwaga moramu bila greda la kuinua mgongo wa barabara na bila mitaro pembeni amejihakikishia kazi ya mwakani. Nasema hivyo bila kumsingizia mtu. Ndivyo hesabu inavyokaa pale anapolipwa kwa tripu zilizomwagwa badala ya miezi ambayo njia imepitika.

Bumbire inaweka hesabu ya utelezi wazi kuliko bara. Kisiwa hiki cha Muleba kinaishi kwa dagaa na sangara, na kila kitu kisichozaliwa hapo kinakuja kwa boti: saruji, mabati, dizeli. Tipa haliji. Njia zenye thamani ni fupi, zinatoka mwaloni kupanda kwenye makazi, na ndizo zinazobeba uchumi wote kichwani na mabegani: madumu ya mafuta, magunia ya dagaa, barafu ya kuhifadhia sangara. Mbebaji akiteleza na gunia la dagaa wakavu likalowa, aliyepata hasara si yeye peke yake. Mzigo ulioingia unyevu hushuka daraja, kutoka chakula cha watu hadi chakula cha kuku, na bei inashuka nao.

Dawa ya karibu inaonekana kuwa chini ya miguu, maana ufuko una mchanga. Mwenye mgahawa akichota ndoo mbili akamwaga mlangoni, wateja wanaingia bila kushika ukuta. Lakini ufuko si machimbo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zenye kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na sababu iko machoni. Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kuvuka rekodi ya mwaka 1964, na mwaka 2024 yakapanda tena zaidi. Mialo ilimezwa na vibanda vikahamishwa. Anayechota mchanga wa ufukweni leo anayasogezea maji mlango wa jirani yake.

Kisiwa kina mali nyingine, nayo ni mawe. Miamba ya ukanda huu, kuanzia ngazi za vilima vya Bukoba hadi visiwani, ni mawe ya mchanga ya kale ambayo wanajiolojia wameyapa jina la Bukoba. Jiwe likigongwa kwa nyundo linatoa kokoto zenye kingo, ambazo ndizo hasa utelezi unazozitaka. Kanda ya Ziwa tayari ina wanawake wengi wanaoishi kwa kugonga kokoto na kuziuza kwa ndoo kwa wajenzi. Kazi ni ngumu na malipo ni kidogo, lakini haihitaji dizeli wala boti, na fedha inayolipwa inabaki kisiwani.

Tukirudi upande wa bara, wafanyabiashara wa kahawa na ndizi hawana haja ya kuelezwa gharama ya njia mbovu. Lori lisipofika chamani, mkulima anamlipa bodaboda kwa gunia, na malipo hayo yanakatwa kwenye bei yake mwenyewe kabla mnada haujafunguliwa.

TARURA na Halmashauri ya Muleba wakitaka fedha ya barabara isiishie ziwani, waandike zabuni kwa mpangilio huu: mitaro na mgongo wa barabara kwanza, moramu iliyopimwa baadaye, na malipo ya mwisho yatoke baada ya masika moja kupita juu ya kazi. Kwa Bumbire wanunue kokoto za kugongwa hukohuko, na mchanga wa ufukweni uachwe ulipo.