Wajumbe wa Bodi Wasikie Sauti ya Visiwani

Mwaka 2021 Rais Mstaafu Jakaya Kikwete aliteuliwa kuwa Mwenyekiti wa Bodi ya Ushirikiano wa Kimataifa wa Elimu, akiipokea nafasi hiyo kwa Bibi Julia Gillard, aliyepata kuwa Waziri Mkuu wa Australia. Wengi walifurahi, nasi tulifurahi. Lakini furaha peke yake haijengi darasa.

Bodi hiyo si baraza la heshima tu. Ndiyo inayopanga masharti ya fedha za kusaidia shule za nchi zenye kipato kidogo. Humo huketi wajumbe wa nchi zinazotoa na zinazopokea, mashirika ya kimataifa, vyama vya kiraia na walimu. La kushukuriwa ni kwamba Zanzibar, yenye wizara yake ya elimu, imepata misaada ya mfuko huo kwa jina lake, mbali na ya Bara.

Hata hivyo, kiti kimoja cha nchi zinazopokea huwakilisha nchi nyingi. Mjumbe hawezi kuyasema ya Kojani na Tumbatu asipopelekewa. Kwa hiyo twawakumbusha wakuu wetu wa elimu: taarifa zitumwe mapema, zieleze kinagaubaga upungufu wa madarasa, vitabu na walimu. Walimu na wazazi waulizwe kabla ya kuandikwa, si baada. Na fedha zikifika, hesabu yake isomwe katika kila shehia.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Haja zetu tusizifiche.