Maziwa ya Mpemba, Kikombe cha Nani? Fani, Maudhui na Hakimiliki ya Makala ya Fizikia

Utangulizi

Msomaji atauliza: mwanafunzi wa fasihi na fizikia, wapi na wapi? Nami nilijiuliza hivyo hivyo muhula uliopita, rafiki yangu wa Idara ya Fizikia aliponitumia kwa WhatsApp kurasa nne zilizoskaniwa kutoka jarida la zamani. Zimekaa upande, na pembeni kuna kivuli cha kidole gumba cha aliyeskani, lakini zinasomeka. Ni makala ya Erasto Mpemba na Denis Osborne yaliyotoka mwaka 1969 katika jarida la Uingereza liitwalo Physics Education. Nilizisoma usiku ule ule, na kabla hakujapambazuka nilikuwa nimeshaanza kuyatafsiri kwa Kiswahili ili yachapwe humu. Mhariri akaniuliza swali moja tu: "Ruhusa unayo?" Sikuwa nayo.

Makala haya yamezaliwa na swali hilo. Lengo lake ni kueleza hakimiliki inalinda nini na haigusi nini pale makala ya fizikia yanaposkaniwa na kugawiwa watu kwenye intaneti. Nitajaribu kuonyesha kwamba sheria hiyo imejengwa juu ya dhana ambayo sisi wa fasihi tunaijua vizuri, tena tumeibishania mno: fani na maudhui.

Matini yenyewe

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Mwaka 1963 Mpemba (si mtu wa Pemba, ni jina lake) alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friza. Siku moja nafasi ilikuwa ya kugombaniwa, naye akaweka maziwa yake yangali moto. Kumbe yakawahi kuganda kuliko ya mwenzake! Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine alimwambia kwa kejeli kwamba hiyo ni fizikia yake yeye Mpemba, si ile ya dunia nzima. Siku Dakta Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipokwenda shuleni kwao, Mpemba aliuliza tena mbele ya wote, na wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi chuoni, jaribio likafanywa, na mwishowe wakaandika pamoja.

Kwa muundo, makala yale yana sehemu mbili. Ya kwanza ni masimulizi ya Mpemba mwenyewe kwa nafsi ya kwanza. Ya pili ni ya Osborne: vipimo, grafu na maelezo ya kitaalamu. Naomba msomaji aushike mgawanyo huu, maana nitaurudia.

Kikombe na chai

Mwaka wa kwanza tulifundishwa kwamba wapo wanaoona fani na maudhui kama kikombe na chai: chai unaweza kuimimina katika kikombe kingine ikabaki chai ile ile. Wapo wanaopinga, wakisema ni pande mbili za sarafu moja. Ukibandua upande mmoja huna sarafu tena.

Sheria ya hakimiliki iko kambi ya kikombe na chai. Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, katika kifungu cha 9, unasema kwamba hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa, wala hailindi mawazo, taratibu, mbinu za utendaji au dhana za hisabati zenyewe. Kwa lugha yetu, fani ina mwenyewe, maudhui ni ya wote. Ndiyo maana nimeweza kukusimulia hapo juu habari za maziwa bila kumwomba mtu ruhusa. Kwamba katika hali fulani maji ya moto huwahi kuganda kuliko ya baridi ni dai juu ya maumbile, na maumbile hayana mchapishaji.

Lakini kuskani ni kuchukua kikombe kizimakizima: maneno yale yale, grafu zile zile, hadi namba za kurasa. Kutafsiri nako ni haki ya mwenye kazi. Sheria za nchi nyingi, yetu ya mwaka 1999 ikiwamo, humruhusu mtu kunakili kwa matumizi yake binafsi, kunukuu kwa kiasi cha haki, na kutoa mifano katika kufundisha. Kumwekea kila mtu kazi nzima kwenye intaneti ni jambo jingine kabisa.

Je, wakati hauliondoi tatizo? Huliondoa, ila polepole. Tanzania Bara haki hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Uingereza ni miaka 70. Waandishi wakiwa wawili, huhesabiwa tangu kifo cha yule wa mwisho. Januari 2013 Mpemba alikuwa London, akishiriki hafla ya kumtangaza mshindi wa shindano la kueleza ugunduzi wake. Basi hata ukihesabu kwa ubahili, makala yale hayawezi kuwa huru hapa kwetu kabla ya mwaka 2063, wala kule Uingereza kabla ya 2083. Siku hiyo mimi nitakuwa kikongwe.

Wanafizikia wanavyofanya

Tusije tukadhani kwamba kila kinachogawanywa kwenye intaneti ni cha wizi. Wanafizikia walizoea tangu zamani kutumiana rasimu kwa posta kabla hazijachapwa. Agosti 1991 Paul Ginsparg alianzisha huko Los Alamos, Marekani, hazina ya elektroniki ya rasimu hizo, ambayo leo inaitwa arXiv na mwaka 2001 ilihamia Chuo Kikuu cha Cornell. Humo mwandishi mwenyewe ndiye anayeweka kazi yake na kutoa idhini. Huko Japani, maktaba ya kituo cha KEK imeskani rasimu za karatasi za miaka ya nyuma. Huu ni utamaduni wa kugawana wenye ridhaa ndani yake.

Upo upande mwingine. Julai 2011 Mmarekani Gregory Maxwell alimwaga kwenye intaneti makala 18,592 ya Philosophical Transactions, jarida la Royal Society lililoanza mwaka 1665. Yote yalikuwa ya kabla ya 1923, na kwa sheria ya Marekani hakimiliki yake ilikwisha. Lakini nakala zenyewe zilitoka JSTOR, mahali pa kulipia. Swali likawa: je, aliyeskani naye ni mwandishi? Mahakama moja ya New York ilishaamua mwaka 1999, katika kesi ya Bridgeman na Corel, kwamba picha inayonakili tu kazi iliyokwisha kuwa huru haizai hakimiliki mpya, kwa sababu haina ubunifu. Sisi wahakiki tutakubali bila shida: kivuli cha kidole gumba si mtindo. Hata hivyo, mwenye ghala anaweza kukubana kwa masharti ya mlango wake hata kama mali iliyomo si yake. Mwaka huo huo Royal Society ilifungua bure makala yake yote yaliyozidi miaka 70.

Mahali sheria inapopwaya

Sasa turudi kwenye zile sehemu mbili. Kwa sehemu ya Osborne, sheria inafaa vizuri. Yeyote aweza kurudia jaribio, akachora grafu yake, akaandika kwa Kiswahili chake, na chai ikabaki chai. Kwa sehemu ya Mpemba, kikombe kinavunjika. Nafsi ya kwanza ndiyo maudhui. Mvulana anayesema "mimi niliona" huku darasa zima likimcheka, ukimhamishia nafsi ya tatu unapata kisa kizuri cha mwanafunzi wa Kiafrika aliyebahatika. Mimi mwenyewe nimekufanyia hivyo hapo juu. Rudi usome aya yangu: ukweli umo, Mpemba hayumo. Nilichokosa haki ya kukupa ndicho hasa kilichonikosesha usingizi.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha katika Scientific Reports makala yanayohoji ugunduzi huu. Walipima, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba upo. Ni haki yao, sayansi ndivyo inavyokwenda, na wanafizikia wangali wanabishana. Ila makala yao yametoka kwa leseni huria: ruhusa ya kunakili, kutafsiri na kusambaza imeshatolewa, sharti lake kubwa ni kuwataja waandishi. Yaani kesho naweza kuwaletea kwa Kiswahili, neno kwa neno, wanaomtilia shaka Mpemba. Mpemba mwenyewe siwezi kumleta bila ruhusa. Shahidi wa upande mmoja ndiye anayesikika kizimbani!

Hitimisho

Wapo watakaosema: skani, tuma, nani atakujua? Siwahukumu, bila kidole gumba kile nisingeyasoma makala yale. Lakini kutumiana gizani hakutupi maandishi ya Kiswahili yanayoweza kutajwa kwenye tasnifu, kuwekwa maktaba au kufundishwa sekondari. Kunatupa picha zilizokaa upande.

Mimi naona yapo mambo mawili tunayoyaweza. Kwanza, maudhui ni yetu tangu sasa. Wenzetu wa fizikia waandike kwa Kiswahili majaribio na hoja za makala ya zamani, kwa maneno yao, bila kuogopa. Pili, walimu wetu wanapotoa makala kwenye majarida ya nje husaini karatasi ya kuhamisha haki. Naomba kwa heshima wasisaini kabla ya kusoma, na wajaribu kubakiza walau haki ya kuweka nakala yao maktaba na haki ya kutafsiri kwa Kiswahili. Kuomba sharti hilo leo ni rahisi kuliko kuomba ruhusa baada ya miaka 50.

Kuhusu tafsiri yangu, nimeshaandika barua ya kuomba ruhusa kwa mchapishaji. Kurasa zenyewe ziko kwenye daftari, zimekwisha, na sentensi ya kwanza ya Mpemba nimeibadilisha mara sita. Jibu likija, mhariri ameahidi nafasi katika toleo litakalofuata.