Karatasi ya Mtoto Mwenye Ukurutu

Ukurutu, ambao wengine huuita pumu ya ngozi, ni ugonjwa wa watoto wengi. Ngozi hukauka na kuwasha sana. Kwa mtoto mchanga huonekana usoni. Kwa mtoto mkubwa hukaa katika mikunjo ya viwiko na magoti. Hautokani na uchawi, wala hauambukizi. Mwacheni mtoto ale na kulala pamoja na wenzake. Lakini jueni kwamba hakuna dawa ya kuumaliza mara moja. Huenda na kurudi, ingawa watoto wengi hupata nafuu wakikua.

Kwa nini basi mtoto apewe dawa na asipate nafuu? Mara nyingi ni kwa sababu watunzaji ni wengi. Mama yuko sokoni Sake. Dada amwogesha mtoto kwa sabuni kali. Nyanya ampaka mafuta mengine. Baba amnunulia pomadi nyingine. Wote wampenda, lakini hawafanyi jambo moja.

Kwa hiyo mwombeni mganga awaandikie karatasi ya utunzaji, katika lugha inayosomwa nyumbani. Iwe na sehemu tatu.

1. Kila siku, hata ngozi ikiwa nzuri. Mwogesheni kwa maji ya vuguvugu, si kwa muda mrefu. Mkausheni pole pole bila kusugua, kisha mpakeni vazilini mara moja, ngozi ingali na unyevu. Mpakeni asubuhi na jioni. Kateni kucha zake.

2. Ugonjwa ukizidi. Mganga aandike jina la pomadi, mahali pa kuipaka, mara ngapi kwa siku, na siku ya kuiacha. Msitumie pomadi za kung'arisha ngozi. Nyingine zina dawa kali inayomdhuru mtoto.

3. Siku ya kuja upesi. Ukiona usaha, maganda ya manjano, homa, au malengelenge madogo yenye maumivu yanayoenea, mlete siku hiyo hiyo. Na kama watu wa nyumba nzima wanajikuna usiku, huenda ni upele. Huo una dawa yake nyingine.

Asiyejua kusoma asomewe. Mganga aweza kuchora jua kwa asubuhi na mwezi kwa jioni. Bandikeni karatasi mahali ambapo wote wataiona.

Tena kuna faida nyingine. Mwezi wa Februari 2024 watu wengi wa Sake walikimbilia Goma kwa sababu ya vita. Katika kukimbia, dawa husahauliwa, na mwuguzi wa mahali pageni hajui mtoto alipewa nini. Kwa hiyo andikeni nakala ya pili, muiweke pamoja na kadi ya chanjo katika mfuko usioingia maji. Mwuguzi akiisoma, hataanza upya. Ataendelea pale mwenzake alipoachia.

Kila mnaporudi kwa mganga, njoni nayo. Mtoto akikua, dawa hubadilika, na karatasi nayo ibadilishwe.