Sonko Akipita Mutakura, Cheki Dereva

V8 ikikata kona kuingia Mutakura, mtaa wetu wa kaskazini ya Bujumbura, habari inafika mwisho wa avenyu kabla ya ndinga yenyewe. Watoi wanasimamisha mpira. Mathee wa ndagala anafunika beseni, ju vumbi la gari kubwa si mchezo. Pale ligala, kijiweni kwetu, stori zinakatika, kila msee anakodolea vile vioo vyeusi akitaka kujua nani yuko ndani. Mzito wa simenti? Mkubwa wa ofisi fulani? Diaspora aliyekodi gari la harusi? Haipiti muda, V8 inatokomea upande wa Cibitoke, na hapo mjadala unawaka: ungempata yule sonko uso kwa uso, ungemwambia nini?

Nimeukuta huu mjadala tangu nianze kukaa ligala na majibu nayajua yote. Kuna wa "ningemwomba mtaji". Kuna wa "kazi yoyote, hata kufagia". Kuna anayetaka picha tu, aipandishe kwenye simu usiku huohuo watu wapagawe. Jibu langu huwa linawaudhi washkaji: mi ningemsalimia kwa heshima, halafu ningeenda kubonga na dereva.

Sikilizeni kwanza kabla hamjanizomea.

Sonko wa ukweli hatembei na mkwanja. Aliko Dangote, tajiri namba moja Afrika, mwaka 2019 akiwa Abidjan alisimulia kwamba kuna siku alitoa benki dola milioni 10 taslimu, akazitia kwenye buti, akaenda nazo kwake azitazame tu ili aamini ni zake. Kesho yake akazirudisha. Yaani mtu mwenye viwanda vya simenti na sukari ilibidi afunge safari ya benki ndo aone doo yake kwa macho! Na hapa Buja ni vilevile. Chapaa ya mzito iko kwenye kontena linalosubiri kutoka bandari ya Dar, iko kwenye lori lililokwama Kobero mpakani, iko kwenye madeni anayodai watu na anayodaiwa na benki. Sasa we ukimkimbilia na "bosi, niachie kitu", unampiga mzinga mtu ambaye mfukoni ana simu na kitambaa cha jasho. Faranga za mafuta, za kuosha gari, za mshikaki wa njiani, anazo shoferi.

Halafu kuna hili la vioo. Wengi mtaani wanachukulia kioo kikipandishwa ni dharau. Mimi nakumbuka tarehe 11 Oktoba 2018, Dar es Salaam. Mohammed Dewji, bilionea kijana kuliko wote Afrika wakati ule, alijiendesha mwenyewe alfajiri kwenda mazoezini hotelini Oysterbay, bila mlinzi, kama msee yeyote anayerauka kupiga tizi. Watu wenye silaha wakamteka. Alipatikana tarehe 20 mwezi uleule, wamemwachia viwanja vya Gymkhana. Afrika Mashariki nzima ilikosa usingizi zile siku, na matajiri wengi waliona kwamba yule angeweza kuwa wao. Kwa hiyo ukiona gari limepunguza mwendo kwenye dimbwi, tafadhali, usilikimbilie dirisha ukipiga kelele. Huyo ndani hakujui, na mkono wako unaogonga kioo kwake ni hatari mpaka ithibitike vingine.

Sasa tuseme hizi bahati zinatokea wapi, ju haziangukii popote tu. Kitambo zilikuwa zinatokea soko kuu. Pale katikati ya mji, mwenye duka la vitenge mwenye mamilioni na dogo wa kubeba mizigo walikuwa wanapishana mlango mmoja, asubuhi mpaka jioni, na dogo akijulikana kwa uaminifu alikuwa anaishia kupewa funguo za stoo. Wazee wa karitie yetu wenye maduka leo, waulize mmoja mmoja, wengi walianzia kwenye vile vichochoro. Tarehe 27 Januari 2013 soko likaungua. Hasara ya bidhaa ilihesabiwa na magazeti yakaiandika. Hii nyingine sikuona ikiandikwa: mahali ambapo dogo wa Mutakura na mwenye pesa walikuwa wanaonana kila siku palikufa asubuhi moja. Biashara ikasambaa, nyingine Ruvumera kule Buyenzi, nyingine Cotebu hapo Ngagara, ambapo sisi wa kaskazini tunafika kwa miguu. Cotebu imetubeba, sikatai. Ila wazito kabisa hawasimami pale kutwa, wanatuma watu.

Baadaye ikaja ishu ya moto, yaani pikipiki. Tarehe 21 Machi 2022, pikipiki za abiria, taksi baiskeli na tuktuk ziliamriwa zitoke katikati ya Bujumbura. Sababu zilizotajwa zilikuwa ajali na usalama. Sibishi kwamba ajali zilikuwepo, nimezika mtu kwa ajali ya moto. Lakini fikiria nini kilikatwa siku ile. Motari alikuwa ndo mtu pekee wa mtaa anayembeba mwanasheria, daktari, mwenye hoteli, siku gari lake liko gereji na mkutano unamsubiri. Kichwa cha sonko kiko nyuma ya bega lako, mnabonga, anakuuliza unatoka wapi, unamwambia Mutakura, anauliza shule uliishia wapi. Jamaa wa base yetu alipata hivyo kazi ya kupeleka mizigo ya duka la dawa, akaifanya mpaka akaoa. Mstari ulipochorwa, moto zikabaki pembeni ya mji na V8 zikabaki katikati. Kwa jiji dogo ka hili, hiyo ni hasara kubwa na inaniuma mpaka leo.

Kilichoturudisha pamoja ni shida. Mafuta yalipoanza kuadimika nchini, na miaka ya karibuni yakawa adimu kupindukia, foleni za stesheni zilikuwa hazichagui. V8 nyuma ya Probox ya taksi, Probox nyuma ya Hiace, watu wanalala garini. Nimemwona baba mmoja wa suti, saa yake ya mkononi ingenunua kiwanja, amekaa kwenye kindoo cha rangi kilichogeuzwa anakula karanga na wasee wa kusukuma magari. Saa nzima wanachambua ligi ya Uingereza. Hakuna aliyemwomba kitu. Alipofikiwa akamwambia kijana aliyekuwa anamsukumia: "Nipe namba yako, wiki ijayo nahamisha ofisi, nahitaji watu watano wenye nguvu." Kijana akataja bei papo hapo, kwa kila mtu, na usafiri juu. Bila kusitasita. Ile kutaja bei ndo iliyonimaliza, ju nimeona mara nyingi sana msee akiulizwa "utafanya kwa ngapi?" anajibu "chochote utakachonipa, bosi." Neno hilo linamwambia tajiri kwamba kazi yako hujawahi kuipima.

Kuna mfano mkubwa kuliko hiyo foleni, na uko kwenye historia yetu wenyewe. Prince Louis Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa, amesoma Ubelgiji, angeweza kukaa zake huko juu na wenye vyeo. Mwaka 1957 akashuka mjini kuanzisha vyama vya ushirika, na watu aliofanya nao kazi walikuwa wafanyabiashara Waswahili wa mitaa ya Bujumbura, wenye vioski na maduka madogo, wanaobonga lugha hii tunayobonga. Mtoto wa mfalme na muuza duka mezani, wanapiga hesabu za sukari na chumvi. Wale wazee hawakumvizia barabarani wakaomba. Walikuwa na mtandao wa biashara, walikuwa na madai yao juu ya wakoloni, naye alivihitaji vyote viwili. Wakawa miongoni mwa watu wake wa mwanzo kwenye siasa. Tarehe 13 Oktoba 1961 alipigwa risasi akiwa Hoteli Tanganyika, ufukweni, na ndoto zake zikakatishwa. Mtu akiniambia "wakubwa na mtaa hawachangamani, ndo ilivyo", nampeleka kwenye ile meza ya ushirika.

Hata huko nje ni hivyo. Mark Zuckerberg wa Facebook alipotua Nairobi mwanzoni mwa Septemba 2016, chakula cha mchana alikula kwa Mama Oliech: samaki mzima wa kukaanga na ugali. Yule mama alikuwa anakaanga samaki wake miaka na miaka kabla, jikoni kwake kunajulikana mji mzima, ndo maana wenyeji walipotaka kumwonyesha mgeni chakula kitamu walimpeleka pale. Bilionea alifuata samaki.

Na masonko waliozaliwa hapa Buja? Saido Berahino aliondoka akiwa mtoto mkimbizi, akakulia Birmingham, akacheza West Brom na Stoke, pesa za ligi ya Uingereza akazijua. Tarehe 23 Machi 2019 nchi nzima ilikuwa macho juu ya uwanja wa Prince Louis Rwagasore, unaoitwa Intwari siku hizi: Burundi moja, Gabon ya Aubameyang moja, na sisi tukaingia Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza. Mtaani watu walilia. Kwa siku ile hela ya Berahino haikuwa na maana yoyote kwa mtu yeyote, alikuwa dogo wa kwetu aliyerudi. Napenda kuamini naye alilihisi hilo.

Tofauti kabisa ni hawa wa msimu. Julai na Agosti, harusi na mahari zikipamba moto, karitie inajaa diaspora wa Kanada na Ubelgiji, miwani, marashi, Amstel za meza nzima. Dola mtaani imekuwa ikiuzwa zaidi ya mara mbili ya bei ya benki, kwa hiyo mshahara wa kusafisha maofisi huko unageuka utajiri hapa kwa wiki tatu. Mpe heshima yake, amefanya kazi ngumu. Ila usimkabe kwa maombi ya mtaji, ana mkopo wa tiketi unamsubiri akirudi. Muulize alivyopata karatasi, alivyojifunza kazi, ni fundi gani anatafutwa kule. Hiyo stori ana uwezo wa kukupa yote.

Turudi kwa dereva wangu. Milango ya nyumba za Kiriri, Rohero na Kinindo inashikwa na watu wa mitaa ka yetu. Zamu, mlinzi wa usiku, anatoka hapa jioni na koti lake na tochi, anakesha hatua chache kutoka kitandani kwa sonko. Yaya ndo anayejua bomba limepasuka. Plantoni, tarishi wa ofisi, anajua lini ofisi inapakwa rangi. Shoferi anasikia kila simu inayopigwa kwenye kiti cha nyuma, na akiwa mtu mzima mwenye akili hatakwambia siri, lakini atakwambia "jumamosi wanatafuta fundi vigae, uje na vyombo vyako saa 1 asubuhi, usichelewe." Hawa ni baba zetu na dada zetu, na pale ligala tunawapita kama hatuwaoni, macho yote kwenye vioo vyeusi. Zamu wa avenyu yetu aliniambia kwamba kwa miaka yote aliyokesha kule juu, vijana wa hapa wanamuuliza bosi wake ana magari mangapi. Kazi gani zinatafutwa, hakuna aliyewahi kumuuliza.

Jioni hii saa 11 mazamu watakuwa wanatoka tena. Kama una ufundi wowote, wa umeme, wa vigae, wa kushona pazia, mpe zamu namba yako iliyoandikwa vizuri na bei yako chini yake.