Je, Wajua? Mtoto Asiyehesabiwa Hana Fungu

Je, wajua kwamba Kenya ilianza kutumia NEMIS, mfumo wa kitaifa wa taarifa za elimu, mwaka 2017? Kila mwanafunzi alipewa namba yake, UPI, iliyomfuata hata alipohama shule.

Je, wajua kwamba namba hiyo ilikuwa pesa? Mwaka 2018 Kenya iliweka mgao wa shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma. Wanafunzi 40 wasipoingizwa kwenye mfumo, shule ilipungukiwa na shilingi 889,760. Na mahali palipoandikishwa wanafunzi hewa, fungu la walio hai huliwa.

Je, wajua kwamba NEMIS ilidai namba ya cheti cha kuzaliwa? Mtoto asiye na cheti alikaa dawati moja na wenzake, akafanya mazoezi yale yale, lakini kwenye mfumo hakuwepo. Kosa lilikuwa la mfumo, mtoto akabeba mzigo.

Je, wajua kwamba nchini Tanzania mwanafunzi ana namba ya PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi? Namba hiyo ndiyo inayotumika akihama kutoka Mbeya kwenda Tanga, na ndiyo inayotumika kumsajili kwa mitihani ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania.

Je, wajua takwimu zilivyosafiri zamani? Mwalimu mkuu alijaza fomu kwa kalamu, fomu ikapelekwa wilayani, na huko karani akaichapa upya. Wasichana 36 wakiandikwa 63, kosa lilifika wizarani bila kizuizi, na vitabu vikagawanywa kwa hesabu hiyo.

Je, wajua kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule za msingi za Uganda zilipata wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku waliyotengewa wanafunzi wake? Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya. Kufikia 2001, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Takwimu zilizowekwa hadharani humpa mzazi nguvu ya kuuliza.

Je, wajua kwamba taarifa za mtoto zinalindwa na sheria? Kenya ilitunga sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019, Tanzania 2022. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kutumia picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Je, wajua la kufanya? Mzazi, nenda shuleni uhakikishe jina la mwanao limeandikwa kama lilivyo kwenye cheti. Nanyi wenye mifumo, mwalimu aliyekesha akipakia takwimu kwa intaneti ya kusuasua ana haki ya kurudishiwa majibu: darasa lipi limezidiwa, wasichana wangapi wameacha shule, vitabu vingapi vinakuja. Mfumo unaodai taarifa bila kurudisha chochote haujakamilika.